Fatwa Isiyoujua Mji Wako

Mwishoni mwa Oktoba 1999 wanazuoni wa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti walikutana Dublin, mji mkuu wa Ireland, wakiwa na swali ambalo Waislamu wa Ulaya hawakuchoka kuliuliza: Muislamu anayeishi Uingereza, Ufaransa au Ujerumani anaweza kununua nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki wenye riba? Baraza lenyewe lilikuwa bado changa. Liliasisiwa London Machi 1997, na mwenyekiti wake alikuwa Sheikh Yusuf al-Qaradhawi, mwanachuoni wa Misri aliyehamia Qatar. Jibu lililotoka kwenye kikao kile lilikuwa refu na lenye masharti. Lilianza kwa kusisitiza kwamba riba ni haramu. Likawahimiza Waislamu wa Ulaya watafute njia mbadala kama murabaha, yaani benki kununua nyumba kisha kumuuzia mteja kwa faida, na wazishawishi benki za huko zifungue mlango huo. Kisha likasema kwamba pale njia hizo zisipopatikana, hapana ubaya Muislamu kuchukua mkopo huo kwa ajili ya nyumba anayoihitaji yeye na watu wake, maadamu hana nyumba nyingine inayomtosha wala mali ya kumwezesha kununua kwa njia nyingine. Hoja zao zilikuwa mbili: kanuni ya fiqhi kwamba haja huweza kupewa daraja ya dharura, na kauli ya Imam Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad al-Shaybani juu ya mikataba ya Muislamu katika nchi isiyo ya Kiislamu. Uamuzi ulipita kwa wingi wa wajumbe, na wapo walioupinga.

Uamuzi huo ukaingia kwenye tovuti, ukatafsiriwa, ukafupishwa, ukanukuliwa na watu waliounukuu kwa wengine, na kila ulipohama uliacha sharti nyuma. Leo mtu anayeandika swali lake kwenye simu anaweza kukutana na sentensi moja tu, kwamba maulamaa wa Ulaya wameruhusu mkopo wa nyumba, au na sentensi ya pili ya waliowapinga, kwamba ni riba na hapana mjadala. Wakati huo huo mambo yalibadilika. Uingereza, mwaka 2003, ilirekebisha sheria ya kodi iliyokuwa ikiikwamisha murabaha: benki ikinunua nyumba kisha ikamuuzia mteja, ushuru wa stempu ulikuwa ukitozwa mara mbili, na ununuzi wa halali ukawa ghali kuliko wa riba. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Islamic Bank of Britain. Nairobi imekuwa na benki za Kiislamu tangu 2008. Uganda ilibadili sheria yake ya mabenki mwaka 2016, na benki yake ya kwanza ya Kiislamu ikapata leseni 2023. Kwa hiyo sharti lililobeba fatwa nzima, yaani kukosekana kwa njia mbadala, lilikuwa na uzito mmoja Dublin mwaka 1999, uzito mwingine Birmingham miaka 6 baadaye, na mwingine kabisa Nairobi leo. Maandishi kwenye simu hayamwambii msomaji hayo. Yanamwambia inajuzu, au haijuzu.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo kubwa la mwongozo wa dini mtandaoni kwa Waislamu walio wachache katika nchi zao. Watu wengi hulalamikia masheikh wasio na elimu wanaojitokeza kwenye video, na malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini hata tukiwaondoa wajinga wote mtandaoni tukawabakisha mabingwa watupu, tatizo lingebaki. Intaneti imelitenganisha jibu na mtu aliyeuliza, na mji alioulizia, na siku aliyouliza. Kwa Muislamu anayeishi mahali ambapo sheria, benki, shule, bucha na hata machweo ya jua si vile vitabu vilivyozoea, utengano huo ndio unaoumiza, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji zaidi kujibiwa kwa kuangaliwa alipo.

Si fikra ngeni. Wanazuoni waliotunga adabu za kutoa fatwa, kama Ibn al-Salah aliyefariki 1245 na Imam Nawawi aliyemfuatia katika karne hiyo hiyo, waliandika kwa kirefu namna mufti anavyopaswa kumsikiliza muulizaji na kulielewa swali lake kabla ya kujibu. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki 1285, alikwenda mbali zaidi: akija mtu kutoka nchi nyingine, mufti asimjibu kwa desturi ya nchi yake mwenyewe, bali amuulize desturi ya huko alikotoka na amjibu kwa hiyo, na kung'ang'ania yaliyoandikwa vitabuni bila kutazama hali alikuhesabu kuwa ni upotevu. Ibn al-Qayyim, karne iliyofuata, aliandika mlango mzima juu ya fatwa kubadilika kwa kubadilika zama, mahali, hali na nia. Na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, tunajua kwamba imamu wetu ana kauli za kale alizozitoa Iraq na kauli mpya alizozitoa baada ya kuhamia Misri. Kwa wote hao, fatwa ni kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu. Anayeikuta imetundikwa anaweza kubahatika ikamkaa, lakini fundi hakumpima yeye.

Tazama walio wachache ni akina nani. Taasisi ya Pew ya Marekani ilikadiria kwamba mwaka 2016 Waislamu wa nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway na Uswisi walikuwa karibu milioni 26, chini kidogo ya asilimia 5 ya watu wote. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 5, karibu asilimia 11. Mwanamke wa Unguja mwenye shaka kama neno alilotamkiwa na mumewe kwenye ugomvi ni talaka hatembei mbali: kuna kadhi, kuna ofisi ya Mufti, kuna mwalimu wake wa madrasa, na wote wanalijua neno "nenda kwenu" linavyotamkwa, linavyokusudiwa na linavyopokewa. Mwanamke huyo huyo akiwa Malmö au Minneapolis, msikiti wa karibu huenda uko mwendo wa saa nzima kwa gari, imamu wake amesomea Pakistan au Misri, hajui lugha ya muulizaji, na hazijui sheria za ndoa za nchi anayoswalisha. Maswali yanayomkabili ni ya kila siku. Nyama ya mkahawa wa shule. Ndoa iliyofungwa msikitini bila kuandikishwa serikalini, ambayo siku ya kuvunjika humwacha mke bila haki mbele ya mahakama. Kazi ya dukani panapouzwa pombe. Maziko katika nchi inayotaka jeneza. Simu iko mkononi na inajibu papo hapo, na simwoni mtu wa haki atakayemlaumu kwa kuigeukia.

Mtu anaweza kunipinga akasema: hili si jipya, Waislamu wa mbali wamekuwa wakiuliza kwa barua tangu zamani. Kweli kabisa, na kisa mashuhuri zaidi kinatoka kusini mwa bara letu. Mwaka 1903 Muislamu wa Transvaal, Afrika Kusini, alimpelekea Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, maswali matatu: je, yafaa kuvaa kofia ya Kizungu kwa ajili ya shughuli za biashara, yafaa kula nyama ya ng'ombe aliyepigwa shoka na Wakristo kabla ya kuchinjwa, bila kusomewa jina la Mungu, na yafaa Mshafii kuswali nyuma ya Mhanafi? Abduh akaruhusu yote matatu. Jibu lilikuwa la watu wachache wa Transvaal, lakini lilipovuja likawasha moto Misri kwenyewe, magazeti ya wapinzani wake yakamshambulia, na mwanafunzi wake Rashid Ridha akamtetea katika jarida la Al-Manar. Jarida hilo lilichapisha maswali kutoka pembe nyingi za dunia ya Kiislamu hadi 1935, na athari yake ilifika Mombasa, ambako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa akiifuata fikra ya Abduh na Ridha, alianzisha gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932.

Lakini kisa hicho kinaunga mkono ninachosema. Barua ya Transvaal ilikuwa na anwani. Abduh alijua anamjibu nani, na nchi gani, na aliyemuuliza angeweza kumwandikia tena kumwambia jambo lilivyokwenda. Vurugu ilizuka pale jibu lilipoiacha anwani yake na kusomwa na watu ambao hawakuuliza. Lililompata Abduh mara moja, likaandikwa kwenye historia kama tukio, leo linazipata fatwa nyingi kila siku na hakuna anayeshtuka.

Historia ya tovuti zenyewe inaonyesha jinsi anwani ilivyopotea. Katikati ya miaka ya 1990, Sheikh Muhammad Salih al-Munajjid, imamu wa msikiti mjini Khobar, Saudi Arabia, alianzisha tovuti ya maswali na majibu iliyokuja kuwa miongoni mwa zinazosomwa mno duniani, kwa lugha nyingi, na misingi yake ni ya mwelekeo wa maulamaa wa Saudia kama Ibn Baz na Ibn Uthaymin. Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja IslamOnline, iliyofadhiliwa kutoka Qatar na kuhaririwa zaidi Cairo, ikibeba mtazamo wa Qaradhawi wa kuwafanyia wepesi Waislamu wa nchi za Magharibi. Kijana wa Leicester au Toronto akawa na majirani wawili mlangoni pake, mmoja akimwambia jambo ni zito na mwingine akimwambia ni jepesi, na hakuna kati yao anayeishi Leicester wala Toronto.

Kilichotokea 2010 kinastahili kutazamwa kwa makini. Machi mwaka huo mamia ya wafanyakazi wa IslamOnline mjini Cairo waligoma baada ya wakubwa wa Qatar kutaka kuudhibiti uhariri, na baada ya muda kundi la Cairo likavunjika. Waislamu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakipata mwongozo wao hapo hawakuwa na kauli yoyote katika ugomvi ule, lakini athari yake iliwafika. Agosti mwaka huo huo Mfalme Abdullah wa Saudia alitoa amri kwamba fatwa za hadharani zitolewe na wajumbe wa Baraza la Maulamaa Wakuu peke yao, na muda si mrefu tovuti ya Munajjid ikafungiwa ndani ya Saudia. Msomaji wa Riyadh akazuiwa. Msomaji wa Leicester akaendelea kusoma kama kawaida. Ikawa mtu wa nchi ya mbali anaongozwa na majibu ambayo nchi yalikoandikwa imewazuia raia wake kuyasoma. Wanaodhani serikali zinaweza kulimaliza jambo hili kwa amri waliangalie tukio hilo vizuri: amri ya mfalme inaishia mpakani, na walio wachache wako ng'ambo ya mpaka.

Baada ya zama za tovuti yakaja mengine ambayo yameongeza umbali. Mtambo wa kutafuta haumjui muulizaji ni wa madhehebu gani, wala haupangi majibu kwa elimu ya aliyejibu. Unaangalia maneno yanayofanana, wingi wa viungo na wingi wa waliobonyeza. Kisha zikaja klipu za dakika moja, ambamo sheikh aliyekuwa akimjibu mtu mmoja ukumbini anaonekana akiiambia dunia nzima, na swali lililoulizwa limekatwa. Sasa zimekuja programu za akili mnemba zinazojibu kwa lugha laini, zikichanganya kauli za Dublin, Khobar na Cairo katika aya moja, na huweza kumbandikia imamu kauli asiyoisema. Mtu aliyesoma fiqhi ataliona kosa. Aliyesilimu mwezi uliopita hataliona.

Pingamizi la pili huja kutoka upande mwingine: Uislamu ni mmoja, kwa nini jibu la Oslo litofautiane na la Makka? Marehemu Sheikh Said Ramadhan al-Buti wa Damascus aliishambulia vikali mwaka 2001 dhana ya fiqhi ya walio wachache, yaani hukumu zinazozingatia hali ya Waislamu wa nchi zisizo za Kiislamu, akihofia kwamba itaupasua Uislamu uwe wa Ulaya na wa kwingine. Ni hofu ya mtu mwenye uchungu na dini yake na haifai kupuuzwa. Lakini itazame swala ya Isha. Dar es Salaam mwezi Juni jua huzama saa 12 na robo jioni, na Isha huadhiniwa kwenye saa 1 na nusu usiku. Mtu anaswali, anakula, analala. Dublin mwezi huo huo jua huzama karibu saa 4 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na nuru ya upeoni haikatiki kabisa usiku kucha, hivyo alama ya kuingia Isha huchelewa mno, au kwa hesabu zinazotumiwa na misikiti mingi haifiki kamwe. Baraza la Ulaya likawaruhusu Waislamu wa huko kuichanganya Magharibi na Isha katika kiangazi kwa sababu ya mashaka hayo. Tromsø, kaskazini ya Norway, kwa karibu miezi miwili jua halizami kabisa. Swala haikubadilika hata rakaa moja. Kilichobadilika ni mbingu iliyo juu ya mwenye kuswali, na ndiyo maana ruhusa hiyo haimhusu kijana wa Magomeni aliyeisoma kwenye simu akaona imekuja kumpunguzia taabu. Umoja wa dini haukuguswa. Ungeguswa kama Dublin na Dar zingelazimishwa kufanya jambo moja ilhali sharti lake lipo mji mmoja na halipo mji wa pili.

Wengine huogopa jambo la tatu, kwamba watu wanazunguka mitandaoni hadi wapate sheikh wa kuwahalalishia wanachokitaka. Maulamaa walikemea tangu zamani tabia ya kufuatilia rukhsa za madhehebu kwa matamanio, na hapana shaka simu imeirahisisha. Hata hivyo naona lawama hii inaelekezwa kwa mtu asiyestahili. Anayetafuta mara tano si lazima awe mwenye hawaa. Mara nyingi anatafuta kwa kuwa majibu manne ya mwanzo hayakumhusu: moja lilimdhani yuko Cairo, jingine lilimdhani ana mahakama ya kadhi, la tatu lilimdhani ni mwanamume. Na wapo wanaotafuta hadi wapate jibu gumu kuliko yote, kwa kudhani kwamba lenye uzito zaidi ndilo lenye dini zaidi. Kijana anayefanya hivyo huweza kuacha kazi, kuwakata wazazi wake wasiokuwa Waislamu, au kumlazimisha mke mambo ambayo sheikh aliyeandika angeyazuia kama angemwona. Wote wawili wamekosa kitu kimoja: mtu wa kuwauliza, "Hebu nieleze kwanza hali yako."

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wanawake na waliosilimu, na hapa nakiri wazi kwamba intaneti imefanya kheri ambayo misikiti mingi ilishindwa kuifanya. Yapo maswali ya hedhi, ya unyumba, ya kipigo ndani ya nyumba, ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele ya imamu anayejuana na mumewe na kunywa naye chai. Yapo ya mtu aliyesilimu kimya kimya, ambaye kuonekana kwake msikitini kungemponza nyumbani. Kuandika bila jina, kwa mtu asiyekujua, kumewaokoa wengi na dhiki. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilijadili kadhia ya mwanamke anayesilimu mumewe akabaki katika dini yake ya zamani. Kauli ya madhehebu manne ni kwamba eda ikiisha mume hajasilimu, hawezi kubaki naye kama mke. Baraza liliitaja kauli hiyo, kisha likataja kwamba wapo maulamaa walioona anaweza kubaki naye iwapo hadhuriwi katika dini yake na ana matumaini mumewe atasilimu, wakategemea riwaya zilizopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar na Sayyidna Ali. Upinzani ulikuwa mkali. Lakini fikiria mwanamke wa miaka 50 huko Lyon, mwenye watoto na mume aliyeishi naye miaka 30, aliyeambiwa hapo kabla kwamba kuingia kwake katika Uislamu lazima kuanze kwa kuivunja nyumba yake siku hiyo hiyo. Bila maswali ya wanawake kama huyo, jambo hili lisingefika mezani. Walio wachache wameisukuma fiqhi ijishughulishe na maisha yao kwa kuuliza na kuuliza tena, na njia za kisasa za mawasiliano zimewasaidia wasikike.

Ila kadhia hiyo hiyo inaonyesha mpaka wa kheri hiyo. "Iwapo hadhuriwi katika dini yake" ni sharti ambalo tovuti haiwezi kulipima. Ni nani atakayejua kama mume huyo ni mpole kweli, au anamzuia kufunga? Ni nani atakayemuuliza tena baada ya miezi sita? Kutojulikana, ambako kulimpa ujasiri wa kuuliza, ndiko kunakomzuia mwanachuoni kumjibu sawasawa. Kwa hiyo faida hii ni ya mlango wa kuingilia. Anayemfungulia mtu mlango kisha akamwacha barazani hajamkaribisha bado.

Ipo jamaa moja inayoonyesha kwamba umbali wenyewe si ugonjwa. Khoja Ithnaasheri, Waislamu wa Kishia, walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia 1972, walitawanyika London, Leicester, Toronto na miji mingine, nao ni wachache ndani ya wachache. Katika mafundisho yao kila mtu asiyekuwa mujitahidi, yaani mwanachuoni mwenye uwezo wa kutoa hukumu mwenyewe, humchagua mujitahidi wa kumfuata, na kwa wengi wao leo ni Ayatullah Ali al-Sistani wa Najaf. Intaneti ilipokuja iliifupisha njia ya kwenda kwa mtu ambaye tayari walikuwa naye. Muulizaji anajua anamuuliza nani, kwa nini ni huyo, na kuna wakala na jumuiya katikati wanaoweza kumfafanulia. Hawakusalimika na ikhtilafu: sikukuu ya Idi huweza kuangukia siku mbili ndani ya ukoo mmoja kwa sababu ya mujitahidi kuhitilafiana juu ya kuandama kwa mwezi. Lakini hata hapo kila mmoja anajua anafunga au kufungua kwa kauli ya nani. Sisemi Wasunni waige mfumo huo, kwani msingi wake wa kiitikadi ni tofauti. Nasema mawasiliano ya haraka hayadhuru pale uhusiano kati ya muulizaji na mjibu ulipokuwapo kabla yake.

Marehemu Dkt. Taha Jabir al-Alwani, mwanachuoni wa Iraq aliyeishi Virginia, Marekani, na mmoja wa waasisi wa fiqhi ya walio wachache, alisisitiza kwamba mufti analo jukumu la kulichunguza swali lenyewe kabla ya kulijibu, kwa sababu muulizaji anaweza kuwa ameliuliza visivyo, na kwamba katika kulichunguza atahitaji msaada wa wajuzi wa sheria, uchumi na jamii ya nchi husika. Sioni sababu tovuti zishindwe kufuata walau sehemu ya wasia huo. Kila jibu linaweza kubeba tarehe yake, nchi ya aliyeuliza, madhehebu ya aliyejibu, na masharti yake yakaandikwa juu badala ya kufichwa chini. Majibu ya mikopo, talaka na mirathi yanaweza kupitiwa upya kila sheria ya nchi inapobadilika. Na yapo maswali ambayo jibu la uaminifu ni kumwambia mtu kwamba hili haliwezi kujibiwa kwa maandishi, nenda kwa fulani aliye mji wako.

Lakini huyo fulani lazima awepo, na hapa nawaambia viongozi wa misikiti na jumuiya za Waislamu wa Afrika Mashariki, za hapa Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura na za walioko ng'ambo. Msimlaumu kijana kwa kumuuliza mtu wa Khobar ikiwa mlango wa ofisi yenu umefungwa tangu baada ya swala ya Ijumaa. Wekeni saa maalumu na nambari ya simu inayopokelewa. Wekeni mwanamke mwenye elimu wa kuwasikiliza wanawake, na mlipeni. Mpelekeni imamu wenu akasome sheria ya ndoa na ya mirathi ya nchi mnayoishi, kwa gharama zenu. Nawe msomaji, utakapokuta jibu linalogusa ndoa yako, nyumba yako au mali ya watoto wako, tafuta kwanza lilitolewa lini, kwa nani na katika nchi gani. Ukikosa hayo matatu, usilifanyie kazi hadi umpate mwanachuoni anayeweza kukuuliza maswali kabla hajakujibu.